Na ya Adongo?

Mwanamke yule alifika langoni asubuhi ambayo hakuna mtu aliyetakiwa kufika isipokuwa wageni wa Nairobi. Alikuwa na ndoo ya omena, dagaa wa ziwani, kichwani, imefunikwa kwa kipande cha gunia, na fundo la leso kwapani. Nicodemus, mlinzi wa makao ya yatima, alidhani ni mchuuzi.

"Leo hatununui, Mama. Wageni wako njiani. Pita zako."

"Siuzi. Hizi nimewaletea watoto. Nimetoka Usenge, nimekuja kumwona Apiyo."

"Hapa hakuna Apiyo."

"Nicodemus, usinifanye mjinga. Siku nilipomleta ulinifungulia lango hili wewe mwenyewe. Ulikuwa umekaa papo hapo, unatafuna muwa, na kipande ukampa."

Nicodemus aliangalia viatu vyake.

Lorine alikuwa kwenye veranda akipuliza baluni. Alikuwa amemaliza masomo ya ustawi wa jamii Maseno mwaka ule, na makao haya ya Dunga yalikuwa kazi yake ya kwanza. Aliwapenda watoto kwa namna ambayo wafanyakazi wenzake waliicheka. Alijua nani analala na taa, nani hali ndizi, nani anakojoa kitandani akiota. Lakini Apiyo hakumjua. Alishuka akamwamkia mama yule na kumwambia kwa upole kwamba labda amekosea makao, kwa maana pale Dunga yako mengi.

Mama alinyoosha kidevu kuelekea uani, ambako watoto walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo wa kuwakaribisha wageni.

"Yule pale. Yule anayejikuna shingo."

"Yule ni Precious."

"Precious ni nani? Huyo ni mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa, nyathina, mwanangu. Alitoka yeye, akafuata mwenzake."

Lorine aligeuka akamtazama tena mtoto. Ukiwa umezaliwa kandokando ya ziwa hili huhitaji kuelezwa zaidi. Anayetangulia ni Apiyo, anayefuata ni Adongo, na palipo na Apiyo lazima pawe na Adongo mahali. Kwa muda wote aliofanya kazi pale hakuwahi kusikia kwamba Precious ana pacha. Alikuwa ameambiwa mtoto yule aliokotwa ufukweni, ndani ya mtumbwi mbovu.

Kabla hajasema lolote, Mama Maximilla, mkurugenzi wa makao, alitokea amevaa kitenge kipya na tabasamu la siku ya wageni. Alimkumbatia bibi kama ndugu yake, akaipokea ile ndoo kwa mikono yake mwenyewe, akamwongoza nyuma ya nyumba hadi kwenye jiko la kuni. Lorine aliwafuata. Mlango ulipofungwa, tabasamu liliisha.

"Nilikwambia siku za kuja ni zipi?"

"Ulisema shule zikifungwa. Zimefungwa, Mama, nami nikaja. Nimemletea nguo."

"Sikiliza. Utakaa humu. Chai utapewa. Wageni wakishaenda, utaenda. Ukitoa hata pua nje ya mlango huu, utaondoka na mtoto wako leo leo, na karo na chakula utajua mwenyewe. Tumeelewana?"

Bibi alikalia gogo la kuni. "Tumeelewana."

Nje, Lorine alimshika Maximilla mkono. "Mama, kwa nini asimwone? Ni nyanya yake."

"Ndiyo sababu." Maximilla hakukasirika. Alizungumza kama mtu anayemfundisha msichana mdogo kupika. "Lorine, wewe umesoma, lakini hii kazi bado hujaijua. Wafadhili wanataka yatima kamili. Yatima mwenye nyanya ni nusu yatima, na nusu yatima hapewi kitu. Unafikiri mimi napenda? Watoto hawa wanakula kwa sababu hawana mtu. Mpelekee chai, uweke sukari nyingi."

Lorine alipeleka chai. Bibi aliipokea lakini hakuinywa. Alikuwa amefungua fundo lake magotini, na ndani mlikuwa na gauni la bluu lenye kola nyeupe na vifungo vitatu mgongoni. Fundi wa Usenge alikuwa amelipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Yapo mawili," alisema. "Yamekatwa kitambaa kimoja. La pili liko nyumbani, Adongo amelitundika ukutani. Amekataa kulivaa mpaka mwenzake apate la kwake. Ana ugonjwa wa damu, ule wa mifupa kuuma. Siku nilipowaleta hapa nilileta wote wawili. Huyu mama yenu aliwafunua macho, akawaangalia ulimi, akasema huyu nitachukua, huyu mgonjwa baki naye."

"Aliwachagua?"

"Kama samaki. Tangu siku hiyo Adongo haponi vizuri. Hospitali wanasema ni damu, nami sibishi. Lakini pacha hupewa sawa, nyathina, siku moja. Hawa wanapewa kimoja kimoja, huku na kule. Mtoto atapona vipi?"

Lorine hakuamini kwamba gauni linaweza kutibu damu. Hata hivyo alijikuta akiligusa kola, na akatamani liweze.

Honi zikalia barabarani.

Wageni walikuwa wafanyakazi wa kampuni moja ya Nairobi. Walishuka basi lililokodiwa wote wamevaa fulana za rangi ya chungwa, wakiimba, wengine tayari wanalengwalengwa na machozi. Walikuja na bango, mpiga picha, vipaza sauti viwili vikubwa kuliko kabati, na maboksi ya wanasesere na magari ya plastiki. Kiongozi wao, Bwana Mathews, alikuwa mtu mnene mchangamfu aliyezaliwa Port Victoria na kukulia Nairobi. Alizungumza Kiswahili cha mjini huku akichomeka neno moja moja la nyumbani ili watu wacheke.

Utaratibu watoto waliujua. Unaitwa, unapokea kwa mikono miwili, unasema kwenye maiki, "Asante, Mungu awabariki," unageukia kamera, unatabasamu, unaondoka. Wakubwa walikuwa wamewafundisha wadogo jambo jingine pia, bila kuambiwa na mtu: usichane karatasi.

"Precious!" Maximilla aliita.

Mtoto alitoka mstarini. Bwana Mathews alimpa mwanasesere ndani ya boksi lenye dirisha la nailoni. Alipokea kwa mikono miwili. Alisema asante, Mungu awabariki. Aligeukia kamera, akatabasamu. Halafu hakuondoka. Alilibana boksi kwapani, akaunyoosha tena mkono uliobaki huru.

"Na ya Adongo?"

Maiki ilikuwa bado mbele ya mdomo wake. Maneno yakatoka kwenye vipaza sauti, yakaenda mpaka barabarani. Wageni wakacheka kwa upendo. Ni Bwana Mathews peke yake ambaye hakucheka. Aliinama.

"Ngoja kwanza. Adongo ni nani? Wewe ni Apiyo?"

Mtoto alimtazama Maximilla, halafu akatikisa kichwa kukubali, kidogo sana.

"Mama," Mathews alisema, akisimama wima, "huyu ni pacha? Mlituandikia hana mtu. Mwingine yuko wapi?"

Lorine alikuwa amesimama karibu na meza ya soda, na aliuona uso wa Maximilla ukitafuta mahali pa kukanyaga. Ilichukua muda kidogo tu. Kisha Maximilla alimpokonya mtoto maiki, akamvuta kifuani kwake, kichwa chake akakibana chini ya mkono.

"Adongo alikufa, Bwana Mathews," alisema, na sauti yake ikapasuka pale pale ilipotakiwa kupasuka. "Walitupwa wawili kwenye ule mtumbwi. Tulimkuta huyu amemkumbatia mwenzake ambaye tayari amekuwa baridi. Hatumwambii. Ndiyo maana mpaka leo akipewa kitu anadai na cha marehemu."

Mwanamke mmoja mwenye fulana ya chungwa alipiga yowe. Mpiga picha alisogea karibu, akapiga goti.

Chini ya mkono wa Maximilla sauti ndogo ilikuwa ikimtaja nyanya yake, "Dana alisema anapona. Dana alisema..." Lakini maiki haikuwa tena upande ule.

Watu walilia. Mtu alivua kofia yake, ikapitishwa, ikajaa noti, ikapitishwa tena. Bwana Mathews alimpa mtoto mwanasesere wa pili, akamwambia aende akamwekee mwenzake kaburini. Mtoto alisimama na maboksi mawili mikononi. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa sawa, na hakuonekana kufahamu ameshika nini.

Lorine alikimbilia jikoni. Vipaza sauti vilikuwa upande wa pili wa ukuta. Bibi alikuwa bado amekaa juu ya gogo. Alikuwa amejaza leso mdomoni na kuiuma, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamshuka bila sauti. Chai ilikuwa miguuni pake, imefanya utando.

"Ningetoka," alisema alipoweza kusema. "Nimefika mlangoni mara mbili. Lakini nikitoka, ataacha shule."

"Mama, nitawaambia mimi. Nakwenda sasa hivi kumwambia yule bwana."

"Hapana!" Bibi alimkamata mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa chumvi na jua. "Usiseme. Mimi huyu mgonjwa simwezi vizuri, wawili nitawaweza? Acha asome. Mtoto wangu yu hai, najua yu hai, nimemwacha asubuhi anagombana na kuku. Maneno hayamuui mtu." Alimwekea Lorine gauni mikononi. "Nifanyie kitu kimoja. Kesho ni Jumapili. Apiyo avae gauni hili kanisani, asilivue mpaka ibada iishe. Adongo atavaa la kwake saa hizo hizo. Nikifika nyumbani nitamwambia kwamba umeniahidi."

"Nakuahidi," Lorine alisema.

Lilionekana jambo dogo. Angeweza kuahidi kubwa zaidi.

Wageni walipoondoka kwenda hotelini, Nicodemus alimtoa bibi kwa mlango wa nyuma. Ndoo yake alirudishiwa ikiwa tupu. Mtoto hakuruhusiwa kumwona. Maximilla alisema atalia, na kesho atakuwa na macho mabaya kwenye picha.

Kisha zawadi zilikusanywa. Hakuna aliyewaita watoto. Walijipanga wenyewe mbele ya mlango wa stoo, kila mmoja na boksi lake, karatasi safi bila mkwaruzo, wakalirudisha rafuni. Wageni wengine walitarajiwa mwezi ujao. Kivulana mmoja aliyekuwa amefungua boksi na kusukuma gari lake sakafuni alichapwa viganja, akaambiwa ataitwa wa mwisho. Apiyo aliweka maboksi yake mawili, akayasogeza mpaka yakagusana, akatoka.

Lorine alimkuta nyuma ya tangi la maji.

"Apiyo. Adongo hajafa. Dana yako alikuwa hapa leo. Ameniambia mwenyewe."

Mtoto hakugeuka. "Mami alisema kwa maiki."

"Mami alikosea."

"Wewe hukuwa na maiki."

Kesho yake asubuhi Maximilla aliingia bwenini na kulikuta gauni kitandani. Alilinyanyua kwa kola.

"Hii ni nini?"

"Ni nguo ya Apiyo, Mama. Nimeahidi ataivaa kanisani. Ni kwa ibada tu."

"Precious atavaa fulana ya kampuni. Bwana Mathews anakuja na mpiga picha. Wanamtaka huyu huyu, wa pacha. Video yake imezunguka Nairobi usiku kucha, watu wanachanga mpaka sasa." Alilitupa gauni kitandani. "Barua yako ya kuajiriwa iko mezani kwangu, haijasainiwa. Ukimvalisha hiyo takataka, sitaisaini. Na mwajiri mwingine yeyote akinipigia simu kuuliza habari zako, nitamwambia unaiba vyakula vya yatima. Mjini hapa wataniamini mimi."

Lorine alijua ni kweli. Nyumbani kwao, nyuma ya Maseno, mama yake alikuwa ameshawatangazia kanisa zima kwamba binti yake ameajiriwa.

Bado alikuwa na tumaini moja. Gari la Bwana Mathews lilipoingia, alimfuata kabla hajafika kwa Maximilla, akamwomba mtoto aruhusiwe kuvaa nguo yake mwenyewe. Hakutaja bibi. Alisema tu kwamba ni nguo ambayo mtoto anaipenda, na kwamba pengine Bwana Mathews, kama mtu wa huku, angeelewa.

Mathews alicheka kidogo kupitia puani.

"Dadangu, unafikiri mimi sijui? Nimezaliwa huku. Yule mama alichelewa kujibu. Mtu akiulizwa pacha yuko wapi hachelewi."

"Sasa, kama unajua..."

"Sijui kitu. Nimesema alichelewa, basi." Alimpigapiga bega, kwa wema kabisa. "Watu wamelia. Watu wametoa. Unataka nirudi niwaambie nini, kwamba yule mtoto yuko mahali anakunywa uji? Mvalishe fulana, nembo ionekane. Uko sawa? Poa."

Akaenda kunywa chai.

Lorine alirudi bwenini. Alifunga mlango, akakaa kitandani karibu na Apiyo, ambaye alikuwa ameshavaa fulana ya chungwa iliyomfika magotini. Alilifungua gauni mbele yake. Mtoto aliliangalia. Aliligusa kola, akaligeuza, akahesabu vifungo, akachunguza pindo la chini kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza.

"Ni Dana amenunua?"

"Ndiyo."

"Hanunui moja. Dana hawezi kununua moja." Alimtazama Lorine usoni kwa mara ya kwanza tangu jana. "Na ya Adongo?"

"Imetundikwa ukutani. Anakungoja wewe."

Apiyo aliinua mikono juu ili avuliwe fulana.

Ibada ilifanyika katika ukumbi wa makao wenyewe. Watoto wote walikuwa wamevaa rangi ya chungwa, wageni nao vivyo hivyo, na katikati yao akaingia mtoto mmoja wa bluu, kola nyeupe, ameshikwa mkono na Lorine. Mpiga picha aliteremsha kamera. Bwana Mathews alitazama dari. Wakakaa kwenye benchi la nyuma, Lorine upande wa njia, ili mtu asimfikie mtoto bila kupita kwake.

Kabla mchungaji hajaanza, Lorine alitoa simu, akapiga namba aliyoachiwa na bibi. Ilipokelewa upesi.

"Amevaa?"

"Amevaa, Mama. Huyu hapa."

Alimwekea mtoto simu sikioni. Upande ule simu ilikuwa imeshanyang'anywa, maana Lorine alisikia sauti nyembamba yenye kelele.

"Apiyo! Langu linanibana kwapani! Lako je?"

Mtoto aliishika simu kwa mikono miwili.

"Apiyo, wewe, sema!"

"Wewe hukufa?"

"Nife kwa nini? Kufa wewe! Nimekwambia linanibana!"

Apiyo alianza kucheka na kulia kwa pamoja, na kamasi likamtoka. Lorine alilifuta kwa kiganja kabla halijafika kwenye kola. Simu ikakatika.

Maximilla alikuja wakati wa wimbo wa kwanza. Aliinama nyuma ya benchi, mdomo wake ukiligusa sikio la Lorine. Kwa mbali ungedhani wanaomba pamoja.

"Mvue. Mpeleke nje umvue."

"Ibada ikiisha, Mama."

"Barua nimeshaichana."

"Sawa, Mama."

"Mshahara wa mwezi huu hutauona. Na huyu atalala bila kula, na atajua ni kwa sababu yako. Umesikia? Ni wewe utakuwa umemnyima."

Hilo lilimpata Lorine mahali ambapo yale mengine hayakufika. Alimwangalia Apiyo. Mtoto alikuwa amesikia kila neno. Alijinyoosha gauni magotini, akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama yeyote, "Mimi sina njaa."

Maximilla aliondoka. Mchungaji alihubiri kwa muda mrefu kuhusu kutoa, na jinsi mkono unaotoa unavyopendwa. Bwana Mathews aliitwa mbele, akapigiwa makofi. Watoto wakaimba, wakaketi, wakaimba tena. Nje, Nicodemus alikuwa ameshauweka mfuko wa nguo za Lorine kando ya lango. Kupitia dirishani Lorine aliuona, umeegemezwa ukutani, kandambili zake zimewekwa juu yake.

Wimbo wa mwisho ulianza. Maximilla alikuwa amesimama mlangoni na fulana ya chungwa mkononi. Mpiga picha alikuwa akipanga viti vya picha.

"Sasa nivue?" Apiyo alinong'ona.

"Bado. Bado kuna beti."

Waliimba beti zote. Mchungaji akainua mikono, akatoa baraka, akasema amina, na watu wakaitikia amina. Hapo ndipo Lorine alipopiga magoti nyuma ya mtoto, akafungua vifungo vitatu, kimoja kimoja, polepole, asikate uzi.